Bei ya Chupa na Bei ya Kuosha: Somo Juu ya Dawa za Kuoshea Magari ya Chama



Somo la mara hii limetokana na swali lililoulizwa katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi. Hatutakitaja jina, kwa kuwa jambo lenyewe lingeweza kukipata chama chochote. Katika taarifa ya mapato na matumizi iliyosomwa siku hiyo palikuwa na mstari usemao: "Dawa za kuoshea gari, chupa sita." Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akasimama, akaomba ruhusa ya Mwenyekiti, akasema: "Ndugu Katibu, sisi tunangoja malipo ya pili ya mazao yetu. Nataka kujua, gari la chama linapakwa manukato kwa sababu gani?"

Watu wakacheka. Katibu akajibu kwamba dawa zile ni za hali ya juu na kwamba zinalilinda gari. Mzee hakuketi. Akauliza tena: "Zinalilinda na nini, na kwa kiasi gani?" Hapo Katibu akanyamaza, maana hakuwa na maelezo mengine ila yale aliyopewa na wakala aliyemwuzia.

Swali la mzee yule ni swali la ushirika hasa. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi wa Desemba 1844, walijipatia sifa kwa sababu waliuza bidhaa halisi zisizochanganywa na uchafu, tena kwa kipimo kamili. Tangu hapo mwanaushirika ana haki ya kuuliza: fedha yangu imenunua kitu gani? Basi na tuifungue chupa hiyo, tuone ndani yake mna nini.

1. Gari huharibiwa na nini?

Tukiambiwa kwamba gari linalindwa, yatupasa kwanza kuwajua adui zake. Adui wakubwa wa bodi la gari la chama ni watatu: kutu, mikwaruzo na jua.

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji pamoja na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Magari ya pwani hupata chumvi ya bahari. Magari yetu ya vyama vya wakulima hupata chumvi ya namna nyingine, nayo ni mbolea. SA, CAN na mbolea zenye kloridi ya potasiamu hunyonya unyevu wa hewani. Punje zilizomwagika kutoka katika gunia lililotoboka huyeyuka, zikawa maji ya chumvi yanayojificha katika maungio ya mabati, chini ya mkeka wa nyuma na juu ya chasisi. Huko hazionekani, na huko ndiko zinakofanya kazi usiku na mchana.

Mikwaruzo ni adui wa rangi. Tangu miaka ya 1980 magari mengi hupakwa rangi kwa tabaka: kwanza tabaka za chini zinazoshika bati na kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka isiyo na rangi ambayo mafundi wetu huiita klia. Tabaka zote pamoja, gari likiwa jipya, kwa kawaida huwa na unene wa maikromita 100 hadi 150, na klia peke yake huwa karibu maikromita 40 au 50. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 70 hivi. Kwa hiyo ngao ya gari lile ni nyembamba kuliko unywele. Kila punje ya mchanga inayosuguliwa juu yake kwa kitambaa huacha mfuo, na kila fundi anayeisugua ili kuondoa mifuo hiyo hupunguza ngao yenyewe.

Jua huivunja rangi pole pole kwa mionzi yake. Klia imetiwa dawa za kuizuia mionzi hiyo; ikiisha klia, rangi hupauka na kubanduka. Pamoja na jua hutokea kinyesi cha ndege, ambacho kina tindikali na huweza kula klia kikiachwa kukauka juani.

2. Sabuni hufanya kazi gani?

Maji peke yake hayaondoi mafuta. Sabuni husaidia kwa sababu kila chembe yake ina pande mbili: upande mmoja hushikamana na maji, na upande wa pili hushikamana na mafuta. Chembe hizo huuzunguka uchafu, huung'oa, kisha maji huuchukua. Kazi hii ni ileile, iwe sabuni ni ya bei ndogo au ya bei kubwa.

Tofauti iko katika ukali. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwa kawaida husomwa kuanzia 0 hadi 14. Namba 7 ni katikati, yaani kitu si tindikali wala si magadi. Kila namba moja inayoongezeka au kupungua ni tofauti ya mara kumi. Shampuu nyingi za gari zimetengenezwa ziwe karibu na 7. Sabuni ya mche na sabuni ya unga ya kufulia, zikiisha kuyeyushwa katika maji, kwa kawaida huwa kati ya 9 na 11. Ukali huo ni mwema kwa shati lenye jasho, lakini juu ya bodi la gari huondoa nta iliyopakwa, na ukirudiwa kila juma huufifisha mng'aro.

Tena yako maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi. Sabuni ya mche katika maji hayo hufanya utando mweupe unaobaki juu ya bodi na vioo. Shampuu na sabuni za maji za kisasa hazina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Maji ya mvua ni laini, na chama chenye tangi la kuvuna mvua kina mali kubwa ya kuoshea gari isiyouzwa na wakala yeyote.

Tuseme kweli pia juu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Wako wanaosema kwamba itaharibu rangi mara moja. Sivyo. Kwa kawaida si kali, na gari lililooshwa nayo siku moja halitabanduka. Ila imetengenezwa kukata mafuta, basi huchukua na nta pia; na haikutengenezwa kuacha utelezi juu ya rangi. Ifae siku ya dharura, isifanywe desturi.

3. Unapolipa bei kubwa, unalipia nini?

Katika bei ya chupa ya fahari mna mambo sita, na yafaa kuyatenga kama tunavyotenga mazao kwa madaraja.

(a) Uzito wa dawa. Dawa nzito huchanganywa na maji mengi zaidi, hivyo chupa moja hudumu. Hii ni thamani ya kweli, na hesabu yake tutaifanya hapa chini.

(b) Utelezi. Shampuu nzuri hulainisha mwendo wa kitambaa juu ya rangi, ili punje za mchanga ziteleze badala ya kukwaruza. Hii nayo ni thamani ya kweli, lakini hata shampuu za bei ya wastani zinayo.

(c) Upole, yaani kuwa karibu na pH 7. Ni thamani ya kweli, ila haihitaji bei kubwa.

(d) Nta au vitu vya kung'arisha vilivyotiwa ndani. Huacha utando mwembamba sana usiodumu. Kopo la nta ya kupaka kwa mkono hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Nta isifiwayo sana ni ile ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao kaskazini-mashariki mwa Brazili. Nayo ni ngumu, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi.

(e) Rangi, harufu na povu. Rangi nyekundu ya dawa haisafishi. Harufu ya matunda haisafishi. Povu jingi linapendeza macho, nalo husaidia kidogo kulegeza uchafu likiachwa kwa dakika chache, lakini wingi wake si kipimo cha nguvu ya dawa.

(f) Chupa yenyewe, picha zake, na gharama za kuitangaza. Hizo hulipwa na mnunuzi, wala hazifiki juu ya gari.

Wazee wetu walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kwamba kila kinachotembezwa ni kibaya. Twasema tu kwamba maneno ya wakala yahusu (e) na (f) mara nyingi, na swali la Katibu lihusu (a), (b) na (c).

4. Hesabu ya kuosha mara moja

Sasa tufike kwenye hesabu. Bei tutakazotumia ni za mfano tu. Kila Katibu aweke bei za duka lake. Tuseme gari huoshwa mara moja kwa juma, kwa ndoo moja ya dawa yenye lita 10.

Dawa A ni shampuu ya kawaida ya gari. Lita moja ni shilingi 8,000. Lebo yasema: sehemu 1 kwa sehemu 100 za maji. Ndoo moja yahitaji mililita 100. Lita moja yatosha kuosha mara 10. Kuosha mara moja ni shilingi 800; kwa mwaka wa majuma 52 ni shilingi 41,600.

Dawa B ni ya fahari na nzito. Lita moja ni shilingi 60,000. Lebo yasema: 1 kwa 500. Ndoo moja yahitaji mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai. Lita moja yatosha mara 50. Kuosha mara moja ni shilingi 1,200. Kwa mwaka ni shilingi 62,400.

Dawa C ni ya fahari, yenye povu na harufu. Lita moja ni shilingi 45,000. Lebo yasema: 1 kwa 100. Lita moja yatosha mara 10. Kuosha mara moja ni shilingi 4,500. Kwa mwaka ni shilingi 234,000.

Dawa D ni sabuni ya unga ya kufulia. Kilo moja ni shilingi 4,000, na ndoo moja hutiwa gramu 50. Kuosha mara moja ni shilingi 200. Kwa mwaka ni shilingi 10,400.

Tazameni jinsi bei ya chupa inavyodanganya. Aliyetazama bei ya dukani peke yake angesema kwamba B ndiyo iliyo ghali kupita zote. Kumbe kwa kila kuosha B imeizidi A kwa shilingi 400 tu, na C, ambayo chupa yake ni rahisi kuliko ya B, ndiyo inayokula fedha za wanachama. Hilo ndilo fundisho la kwanza: tusilinganishe chupa kwa chupa, tulinganishe ndoo kwa ndoo.

Lakini liko sharti. Hesabu ya B ni ya kweli endapo tu dereva anapima vijiko vinne. Akimimina kwa macho, kama wengi wafanyavyo, hutia mara tano zaidi. Na hapo kila kuosha kutagharimu shilingi 6,000. Dawa nzito isiyopimwa ni hasara iliyofungwa katika chupa nzuri.

Je, tuchague D kwa kuwa ni rahisi? Kwa chasisi, matairi, na sehemu ya nyuma ya mizigo, ndiyo, inafaa, mradi isuuzwe vizuri kwa maji mengi. Kwa rangi ya bodi, hapana. Shilingi 31,200 tunazookoa kwa mwaka hazilingani na gharama ya kupiga rangi upya. Na tukinunua dawa A pamoja na kopo la nta la shilingi 30,000 la kupaka mara chache kwa mwaka, jumla ni shilingi 71,600. Hiyo haijafika theluthi moja ya gharama ya dawa C, na gari litalindwa zaidi.

5. Kilinzi kikubwa hakimo katika chupa

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuonyeshwa pikapu ya chama fulani iliyosifiwa kwa mng'aro wake. Kweli ilikuwa ikimetameta. Mtu angeweza kunyolea ndevu kwa mlango wake. Lakini mkeka wa nyuma ulipoinuliwa, bati lilikuwa limetoboka kiasi cha kupitisha kidole, na chini ya bodi kutu ilikuwa ikibanduka kama maganda. Gari lile lilikuwa limebeba mbolea misimu mingi, na kila Jumamosi liliogeshwa kwa dawa ya fahari pale juu panapoonekana. Chini yake hapakuwahi kumwagiwa ndoo moja ya maji. Lilipofika kwa wanunuzi, hawakuitazama milango. Waliinama, wakachungulia, wakataja bei ya chuma chakavu.

Kwa hiyo kabla ya kufikiri juu ya chupa, chama kihakikishe mambo haya, ambayo mengi hayana gharama kubwa:

Kwanza, baada ya kila safari ya mbolea, gari lifagiliwe, mkeka uinuliwe, na sehemu ya nyuma pamoja na chasisi zisuuzwe kwa maji mengi siku ileile. Punje za kufagia zisitupwe mtoni.

Pili, bodi limwagiwe maji kabla ya kuguswa na kitambaa, ili mchanga uondoke kwanza. Kufuta vumbi kavu kwa gunia au tambara ni kuipiga rangi msasa.

Tatu, ziwepo ndoo mbili: moja ya dawa, na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye bodi. Ndoo ya pili ina faida kupita tofauti yoyote iliyopo baina ya dawa A na dawa B.

Nne, vitambaa viwe laini; vile vya maikrofaiba ni bora, navyo hufuliwa na kutumika tena mara nyingi. Kitambaa cha matairi kisiguse milango. Kilichoanguka chini kisirudishwe juu ya bodi kabla ya kufuliwa.

Tano, gari lioshwe kivulini au asubuhi, kuanzia juu kwenda chini, na likaushwe, kwani maji yakikauka juani huacha madoa ya chokaa.

Sita, gari lilale chini ya paa, si chini ya mti wenye ndege. Kinyesi kiondolewe mapema kwa kitambaa kilicholowa.

Hapa yafaa kutoa onyo moja. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu na alumini zina tindikali ya haidrofloriki. Tindikali hiyo hupenya ngozi na huweza kudhuru hata mifupa, na maumivu yake huweza kuchelewa. Dawa isiyo na lebo inayosomeka isinunuliwe, hata ikiwa ni bure. Na gari lisioshwe mtoni wala kisimani, kwa kuwa mafuta na dawa humfikia mwanachama mwingine anayechota maji chini yetu.

6. Jaribio la boneti

Chama kinachotaka kuwa na hakika kifanye jaribio lisilohitaji maabara. Boneti ligawanywe katikati kwa utepe wa gundi wa mafundi rangi. Upande mmoja uoshwe kwa dawa ya kawaida, upande wa pili kwa dawa ya fahari, kila moja kwa kipimo cha lebo yake, kwa vitambaa viwili vipya vya aina moja. Anayeosha ajue, wanaoamua wasijue. Baada ya kukausha, utepe uondolewe na wanachama watano waulizwe, mmoja mmoja, upande upi ni safi zaidi. Majibu yaandikwe. Wakitofautiana, chama kimepata jibu lake. Wakikubaliana wote kwamba upande wa dawa ya fahari ni bora, basi Kamati irudi kwenye hesabu ya ndoo, iamue kama ubora huo wastahili fedha hiyo.

7. Kazi ya Katibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa za gari ni matumizi madogo, lakini madogo ndiyo yanayopita bila kuulizwa. Katibu apate bei za maduka mawili au matatu, aandike gharama ya kuosha mara moja kwa kila dawa, na kuyaweka mbele ya Kamati kabla ya kununua. Dawa iingizwe katika daftari la stoo. Dereva apewe kipimo, na kila kuosha kuandikwe katika daftari la gari, pamoja na alama ya kuonyesha kama chini palisuuzwa.

Sasa turudi kwa mzee wetu aliyesimama mkutanoni. Kama Katibu angekuwa amefanya hesabu hii, angeweza kumjibu hivi: "Mzee wangu, swali lako ni la haki. Gari hili ni la wanachama, na siku litakapouzwa bei yake itaingia katika mfuko wao. Dawa yahitajika, maana sabuni ya kufulia inaififisha rangi na mchanga unaikwaruza. Lakini dawa ya kawaida yatosha, na gharama yake kwa mwaka ni hii. Chupa sita zile zilikuwa na manukato ndani yake, nasi hatutayanunua tena. Fedha itakayobaki itanunua ndoo ya pili, vitambaa na nta, na salio litabaki katika hesabu yenu." Mzee angeketi. Huenda hata angepiga makofi.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Gari la chama chetu hubeba mizigo gani inayoweza kuleta kutu? Ni nani anayesuuza chini yake, na lini mara ya mwisho?

2. Dawa moja ni shilingi 24,000 kwa lita, nayo huchanganywa 1 kwa 200. Kuosha mara moja kwa ndoo ya lita 10 kutagharimu kiasi gani? Je, ni rahisi au ghali kuliko dawa A ya somo hili?

3. Taja mambo mawili katika bei ya dawa ya fahari yanayolifaa gari, na mawili yasiyolifaa.

4. Chama kina shilingi 50,000 tu za matunzo ya bodi kwa mwaka. Pangeni matumizi yake, na semeni kwa nini mmeanza na lile mlilolitanguliza.

5. Ni bidhaa gani nyingine chama chetu hununua kwa kutazama bei ya chupa, bila kuuliza bei ya kazi inayofanywa?